Sura ya Babu, Injini ya Mjukuu

Mwaka 2008 kiwanda cha Triumph kilichopo Hinckley, Uingereza, kilikuwa na kazi mbili za kufanya kwenye pikipiki yake ya Bonneville, na iliyoonekana ndogo ndiyo iliyokuwa na utundu zaidi. Sheria za Ulaya za kupunguza moshi zilikuwa zimekaza, kwa hiyo kabureta zilipaswa kuondoka na nafasi yake ichukuliwe na mfumo wa kunyunyiza mafuta unaoongozwa na kompyuta, kama ulivyo kwenye magari ya siku hizi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na vifaa vyake vilikuwepo sokoni. Kazi ya pili ilikuwa kuhakikisha kwamba mteja haoni tofauti.

Anayenunua Bonneville anataka akichuchumaa kando ya injini azione kabureta, kama zilivyoonekana kwenye Bonneville za miaka ya 1960. Basi Triumph wakauficha mfumo mpya ndani ya maumbo ya kabureta, wakayafunga palepale kabureta zilipokuwa. Mtu asiyejua angeapa kwamba ni zenyewe. Pikipiki iliwaka kisasa, ikapunguza moshi kama sheria ilivyotaka, na sura yake ikabaki ileile.

Biashara nzima ya pikipiki za mtindo wa zamani imejengwa juu ya ustadi wa aina hiyo. Mhandisi hutumia nusu ya akili yake kuboresha mashine na nusu nyingine kuuficha uboreshaji wenyewe. Mnunuzi naye haitaki zamani yote. Anataka umbo lake, mlio wake na mwendo wake. Oili inayovuja usiku kucha sakafuni, taa iliyofifia na kiki inayorudi na kumvunja mtu kifundo cha mguu, hayo hayamo kwenye hesabu yake.

Katika ukoo huo, kruza ndiyo inayotambulika kwa mbali. Kiti kiko chini, usukani ni mpana na umekunjwa kumwelekea dereva, miguu imetangulizwa mbele, tangi la mafuta limeviringwa kama tone, na madigadi zimeshuka hadi kuufunika mgongo wa tairi. Taa ya mbele ni ya duara, eksozi ni ndefu na zinang'aa. Dereva hakulalia tangi kama mwanamashindano. Ameketi wima, kifua kikipokea upepo. Kwenye Meteor 350 ya Royal Enfield kiti kiko sentimeta 76.5 kutoka ardhini, kwa hiyo hata mtu mfupi husimama kwenye taa za barabarani nyayo zote mbili zikiwa chini.

Asili ya umbo hili ni Marekani, na jina linalotajwa kwanza ni Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee, Wisconsin, mwaka 1903. Kwa nusu karne ya kwanza, Harley kubwa hazikuwa na shokapu za nyuma. Bomba la fremu lilishuka moja kwa moja kutoka chini ya kiti hadi kwenye ekseli, na kilichomwokoa dereva ni springi za kiti. Mwaka 1958 ikaja Duo-Glide yenye shokapu mbili nyuma. Mgongo ulipata nafuu, lakini mstari ule ulionyooka ukakatika, na walikuwepo wateja ambao hawakuipenda sura mpya. Miaka ya 1960 na 1970 wapo walioamua kurudi kwenye fremu ngumu, wakakubali kutikiswa barabara nzima ili mradi pikipiki ipendeze.

Aliyewapatia dawa ni mhandisi kutoka Missouri, Bill Davis, mpenzi wa Harley aliyechoka kuumia. Alibuni fremu ambayo kwa macho ni ngumu, pembetatu yake imenyooka hadi ekseli, lakini sehemu ya nyuma inacheza juu na chini kwenye bawaba iliyofichwa. Mwaka 1976 alimwonyesha kazi yake Willie G. Davidson, mkuu wa usanifu wa Harley na mjukuu wa mmoja wa waasisi. Mazungumzo yalichukua miaka. Mwaka 1982 kampuni ilinunua hataza yake, na mwaka 1984 ikatoa pikipiki iitwayo Softail. Shokapu zake zililazwa chini ya gia boksi, mahali ambapo mtu hazioni mpaka alale chini. Kwa sababu ya mkao huo zilifanya kazi kinyume: tairi likipanda juu ya jiwe, shokapu hurefuka badala ya kufupika.

Wakati nao ulichangia. Harley ilikuwa mikononi mwa kampuni ya AMF tangu 1969, na sifa yake ya ubora ilikuwa imeporomoka. Mwaka 1981 mameneja 13 waliinunua kampuni yao wenyewe, wakarithi na madeni. Mwaka 1983 serikali ya Rais Ronald Reagan ilipandisha ushuru wa pikipiki kubwa kutoka Japani hadi asilimia 49.4 ili kuwapa nafasi ya kupumua. Kushindana na Honda na Kawasaki kwa kasi kusingewezekana, fedha hazikuwepo. Kitu ambacho Wajapani hawakuwa nacho ni historia ya Milwaukee, na hicho ndicho Harley walichokiweka dukani. Mwaka 1986 wakaja na Heritage Softail, iliyochora upya sura ya Harley za mwaka 1949. Mwaka 1988, kampuni ilipotimiza miaka 85, wakarudisha uma wa mbele wenye springi za nje, kifaa ambacho wenyewe walikuwa wamekiacha karibu miaka 40 kabla. Mwaka uliotangulia walikuwa wameiomba serikali iondoe ushuru ule kabla ya muda wake kwisha.

Sura ikishapatikana, unabaki mlio.

Injini ya Harley ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, pembe ya nyuzi 45, na pistoni zote mbili zimeshikwa kwenye pini moja ya krenki. Matokeo yake ni kwamba milipuko haiachani kwa nafasi sawa. Ya kwanza ikilipuka, krenki huzunguka nyuzi 315 ndipo ya pili ilipuke, kisha huzunguka nyuzi 405 kabla ya ya kwanza kurudi tena. Pikipiki ikisimama inanguruma, sikio husikia milio miwili ya haraka na pengo, miwili na pengo, kana kwamba injini inachechemea. Kihandisi hiyo ni kasoro, kwa sababu inaleta mtetemo. Kibiashara ni dhahabu. Mwaka 1994 Harley waliomba mlio huo usajiliwe kisheria kama alama yao ya biashara. Washindani wakapinga, na baada ya miaka sita ya mvutano Harley wakaondoa ombi.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, Honda walifanya jambo ambalo halikutegemewa kwa kampuni yenye sifa yao. Injini zao za Shadow zilikuwa laini, kwa kuwa zilikuwa na krenki yenye pini mbili zilizopishanishwa makusudi ili mitetemo ifutane. Kwa ajili ya Shadow 1100 ACE ya mwaka 1995 wakaiacha krenki ile na kuweka ya pini moja. Injini ikawa na mtetemo zaidi na nguvu zikapungua kidogo, lakini mlio ukasogea karibu na ule wa Milwaukee. Wahandisi waliosomea kuondoa mtikisiko walilipwa kuurudisha.

Kawasaki nao mwaka 1999 walitoa Drifter, kruza yenye madigadi pana zilizofunika magurudumu, na kila aliyejua historia alitambua imeigwa wapi: ni sura ya Indian Chief ya miaka ya 1940. Kampuni ya Indian, iliyoanzia Springfield, Massachusetts, mwaka 1901, ilikuwa imefunga kiwanda tangu 1953. Baada ya jina hilo kupita mikono mingi, Polaris walilinunua mwaka 2011, na mwaka 2013 wakazindua Chief mpya yenye injini ya sentimeta za ujazo 1,811 na madigadi zilezile.

Hata hivyo, mahali ambapo mtindo wa zamani umekuwa usafiri wa watu wengi ni India. Royal Enfield ilizaliwa Redditch, Uingereza, na pikipiki yake ya kwanza ilitoka mwaka 1901. Jina la Bullet lilianza kutumika mwaka 1932. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jeshi la India liliagiza Bullet kwa ajili ya doria, na mwaka 1955 ikaundwa kampuni ya kuzitengeneza Madras, mji unaoitwa Chennai leo. Kufikia 1970 mama wa Uingereza alikuwa amekufa. Mtoto wa Madras akaendelea kuunda pikipiki ileile, kwa michoro ileile, miaka ikapita bila mabadiliko makubwa. Bullet haikuiga mtindo wa zamani. Ilikuwa imesahaulika huko.

Kuiwasha ilikuwa somo. Mwenye Bullet ya miaka hiyo hakuruka tu juu ya kiki. Kwanza alitazama ammita, kidude chenye sindano kilichokaa karibu na taa ya mbele. Aliikanyaga kiki taratibu huku akiiangalia sindano mpaka irudi katikati, ishara kwamba pistoni inakaribia kilele. Hapo alibonyeza kijiti kidogo kwenye usukani kinachotoa upepo wa silinda, akaisukuma pistoni kidogo ipite kilele, akakiachia kijiti, akaipandisha kiki hadi juu. Ndipo akapiga kwa uzito wote wa mwili. Aliyefanya haraka, au ambaye moto wa plagi yake ulikuwa umetangulia, alirudishiwa kiki mguuni. Gia nazo zilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume na ilivyo kwenye pikipiki nyingi za leo.

Mwaka 2000 Siddhartha Lal, kijana wa miaka 26, alikabidhiwa Royal Enfield na familia yake, wamiliki wa kampuni ya Eicher. Mauzo yalikuwa takriban pikipiki 2,000 kwa mwezi, na bodi ilikuwa tayari kuachana na biashara hiyo. Lal aliomba muda. Alichofanya ni kuutenga mzigo wa Bullet mafungu mawili: yanayopendwa na yanayovumiliwa. Umbo, tangi lililochorwa mistari kwa mkono na mdundo wa silinda moja ndefu vikabaki. Oili inayovuja, kiki yenye masharti na gia za kulia vikaondolewa hatua kwa hatua. Mwaka 2009 ikaja Classic, pikipiki mpya iliyovaa nguo za miaka ya 1950, na watu wakajiandikisha kwenye foleni za miezi kuisubiri. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Royal Enfield iliuza zaidi ya pikipiki milioni moja.

Meteor 350, kruza iliyozinduliwa Novemba 2020, ni tunda la fikra hizo. Jina lenyewe limetoka kwenye Meteor ya miaka ya 1950. Injini ni ya sentimeta za ujazo 349 na nguvu za farasi 20 tu, pungufu ya nyingi za ukubwa huo. Pistoni yake ina upana wa milimita 72 na inasafiri milimita 85.8, na safari hiyo ndefu ndiyo inayoleta mdundo wa polepole unaosikika kwenye eksozi. Ndani umewekwa mhimili wa kusawazisha unaofuta mitetemo iliyokuwa ikiwatia ganzi viganja wenye Bullet. Breki ni za diski mbele na nyuma, zenye ABS. Inawaka kwa kubonyeza kitufe. Honda waliwahi: mwezi mmoja na ushei kabla ya Meteor walikuwa wameshazindua India CB350 yao ya sura ya zamani, nayo ina pistoni ya safari ndefu.

Viwanda vya Royal Enfield viko jimbo la Tamil Nadu, na ni jimbo hilohilo lenye kiwanda cha Hosur kinachounda pikipiki za TVS. Dereva wa bodaboda wa Dodoma au Kisumu anayeilea TVS yake tayari anaujua mkono wa mafundi wa eneo hilo, ingawa hesabu yake ni nyingine kabisa. Yeye anapima abiria kwa lita na bei ya spea. Mwenye kruza ya mtindo wa zamani amelipia uzito na mapambo ambayo hayamwingizii senti.

Uzito huo si wa kuupuuza. Meteor ina kilo 191, na mtu mmoja anaimudu. Harley Heritage Classic ya siku hizi ina karibu kilo 330 ikiwa na mafuta. Anayeimiliki hujifunza mapema mahali pa kuegesha: hailengwi kichwa chini kwenye mteremko ulioishia ukutani, kwa sababu haina gia ya kurudi nyuma na miguu ya binadamu haitoshi kuivuta kupanda. Ikianza kulala ikiwa imesimama, ikishavuka kiwango fulani hakuna misuli ya kuizuia. Wazoefu huiachia na kuruka pembeni, kisha huita msaada.

Kwenye kona hadithi ni nyingine. Kruza hukaa chini, na vibao vya kuwekea miguu vimetokeza pande zote mbili. Dereva akiilaza zaidi, kibao hugusa lami kwanza, husikika mkwaruzo na usiku huonekana cheche. Vibao hivyo vimewekewa bawaba ili vikunjike badala ya kuinua gurudumu, na mkwaruzo ndio onyo la kupunguza mwendo. Shimo nalo lina adhabu yake. Kwenye pikipiki ya kawaida mtu hunyanyuka kidogo akasimama juu ya vikanyagio, magoti yakameza pigo. Miguu iliyotangulia mbele haimpi nafasi hiyo. Pigo hupanda moja kwa moja kiunoni. Kwa barabara yenye matuta kila kijiji, tumbo la kruza kubwa huwa karibu mno na zege.

Kuna joto pia. Silinda mbili za Harley zimepangana mbele na nyuma, na ya nyuma, isiyopata upepo wa kutosha, huchoma paja la dereva kwenye foleni. Kampuni ilikubali tatizo hilo kwa namna yake: kwenye modeli nyingi, pikipiki ikisimama na joto likizidi, kompyuta huzima silinda ya nyuma mpaka safari ianze tena. Mlio hubadilika ghafla, na mgeni hudhani injini imeharibika.

Halafu yapo magurudumu. Spoku zinapendeza, na pikipiki nyingi za aina hii zinazo, lakini rimu yenye spoku za kawaida hupitisha upepo kwenye matundu yake na hivyo hulazimu tyubu. Pancha ya tairi lisilo na tyubu hutibiwa kwa kuchomeka plagi ya mpira pembeni ya barabara. Ya tyubu hudai gurudumu lifunguliwe, na kwenye kruza nzito hapo pana eksozi ya kuondoa na jeki ya kutafuta. Meteor ilizinduliwa ikiwa na rimu za aloi zisizohitaji tyubu, uamuzi ambao wapenda sura waliulalamikia na wasafiri wakaushukuru. Kuhusu kromu, adui yake ni chumvi. Kwa mtu wa pwani, kuisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuipaka nta ni ratiba ya kila wiki, la sivyo vidoa vya kutu huanza kwenye vichwa vya spoku na kwenye mikunjo ya eksozi.

Pamoja na hayo yote, wanaozipanda hawalalamiki sana, na sababu ni mwendo. Meteor hufika kilomita 110 na ushei kwa saa, lakini raha yake iko kati ya 70 na 90. Tangi lake lina lita 15. Hata ikila lita moja kwa kilomita 30, ni safari ya kilomita 450 bila kusimama kwenye kituo cha mafuta. Kwa mwendo huo dereva huona mashamba, husikia harufu ya mvua inayokuja, na mikono haichoki. Pikipiki yenye nguvu kubwa humwita mtu aikimbize. Hii humkalisha.

Na mwendo huo huzaa misafara. Mkutano wa Sturgis, Dakota Kusini, ulianza mwaka 1938 kama mashindano, leo maelfu kwa maelfu huenda kila Agosti kuonyesha na kutazama. Harley walianzisha chama cha wamiliki wao mwaka 1983, kikawa mojawapo ya njia zao kuu za kumshika mteja. Mwaka 2012 mjini Sydney, Mark Hawwa alianzisha matembezi ambayo waendeshaji wa pikipiki za kale na za mtindo wa kale huvaa suti na tai, wakichangisha fedha za kupambana na saratani ya tezi dume na kusaidia afya ya akili ya wanaume. Matembezi hayo sasa hufanyika siku moja katika mamia ya miji duniani.

Wapo wanaoyacheka haya yote. Fundi aliyekulia kwenye Bullet halisi ataiambia Classic mpya kwamba imevaa koti la kuazima. Lakini mhukumu wa mwisho ni mfuko wa mteja, na mtihani unaofuata umeshatangazwa. Novemba 2024 mjini Milan, Royal Enfield walionyesha Flying Flea C6, pikipiki ya umeme. Sura yake imechukuliwa kutoka kwenye pikipiki ndogo ya sentimeta za ujazo 125 ambayo kampuni iliwaundia askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, ikidondoshwa kutoka angani kwa mwamvuli ndani ya fremu ya mabomba. Uma wa mbele umeundwa kwa mtindo wa miaka ya 1930, safari hii kwa alumini. Betri imewekwa ndani ya kasha la magnesiamu lenye mapezi ya kupozea, pale hasa ambapo jicho linatarajia kuona silinda.

Nairobi, Kampala na Kigali, ambako bodaboda za umeme tayari zinabadilisha betri vituoni, haja ya kuifanya betri ifanane na injini haijatokea. Abiria anauliza nauli. Anayelengwa na Flying Flea ni mwingine, mtu aliyeizoea Classic na mdundo wake. Kwake yeye mapezi ya magnesiamu yatatosha kwa macho. Mdundo ndio Royal Enfield hawana mahali pa kuutoa, kwa sababu eksozi haipo.